Msiba Usio na Maiti

Koplo Lusubilo alimkalisha Mwalimu Kefa kwenye kigoda kile kile, mbele ya kipaza sauti kile kile, akamwambia asisogee.

"Hivi ndivyo ulivyokaa siku ile?"

"Hivi hivi, Bwana Koplo."

"Na aliyeleta tangazo alikaa wapi?"

Kefa alionyesha kizingiti. Lusubilo akatoka nje, akarudi, akachuchumaa pale mlangoni kama mfiwa. Alikuwa askari kanzu kutoka Mbeya. Alivaa kaptula na shati kuukuu, na mtu asiyemjua angedhani ni mchuuzi wa ngozi.

"Sasa niangalie kama ulivyomwangalia yeye."

Mwalimu Kefa aliinamisha kichwa mpaka kidevu kikagusa kifua.

"Nikuangalie? Mimi sikumwangalia. Mtu akileta msiba huchuchumaa mlangoni, nawe unaweka macho chini mpaka amalize. Kumkazia macho mfiwa ni kumwita mwongo."

"Hata jina hukumuuliza?"

"Mfiwa haulizwi."

Lusubilo alisimama akaizunguka nyumba ya redio. Ilikuwa chumba kimoja cha matofali mabichi, kando ya barabara kuu, karibu na mpaka. Watu wa Tunduma na vijiji vya jirani walichanga mahindi na kahawa wakanunua redio, betri ya gari na tarumbeta la bati, wakalifunga tarumbeta hilo juu ya mlingoti wa mkaratusi. Kila jioni ilikuja kwanza habari kutoka Dar es Salaam, kisha Kibemba kutoka Lusaka, halafu Kefa akafungua kipaza sauti na kusoma matangazo ya nyumbani: ng'ombe waliopotea, waliorudi kutoka migodini, na mwisho misiba. Hakuna aliyelipa. Mwenye duka la mafuta ya taa aliwahi kuomba duka lake litajwe, kamati ikamkatalia. Kwa ajili hiyo Inspekta wa kituo alimshuku kwanza yeye kwamba alileta msiba wa uongo ili kuichafua redio. Lusubilo alikwisha kumhoji na kumwacha. Siku ile mwenye duka alikuwa Mbeya, na watu wengi walimwona huko.

"Ng'ombe akipotea mwenyewe anasema nini?" Lusubilo aliuliza.

"Rangi, pembe, alama ya sikio. Bila hivyo hatusomi. Watu wanaweza kudai ng'ombe wa mwenzao."

"Kwa hiyo ng'ombe mnamtakia ushahidi, na mtu hamumtakii."

Kefa alianza kupangusa kipaza sauti kwa kitambaa ingawa hakikuwa na vumbi.

"Nisomee tena lile tangazo."

Mwalimu alilijua kwa kichwa. "Danford Simwaba wa Mpemba amefia Kitwe kwa homa, amezikwa huko huko. Vitu vyake vimeibwa vyote. Yule ng'ombe wa pembe moja asichinjwe matangani, maziwa yake ni ya mama."

"Basi?"

"Basi. Akaondoka."

"Ulikuwa unaangalia chini. Chini kulikuwa na nini?"

Kefa alifikiri. "Miguu."

"Ya namna gani?"

"Ilikuwa na buti. Zile za mgodini, zenye chuma mbele. Lakini hazikuwa na kamba, zilifungwa kwa gome la mti."

"Mbona Inspekta hukumwambia?"

"Inspekta aliniuliza sura. Hakuniuliza miguu."

"Kitu kingine?"

"Alilia. Kabla ya kusema alilia sana, nikangoja. Mabega... nadhani mabega yalitetemeka. Alijishika kifuani, kisha akatema mate nje, akaanza kusema."

"Watu wa hapa wakilia hutema mate?"

Kefa aligeuka akakitazama kizingiti. Uso wake ulikuwa umebadilika.

*

Mahabusu ya Tunduma ilikuwa chumba cha mabati nyuma ya kituo. Mlangoni alikaa mwanamke mmoja na kapu la chakula mapajani. Kichwa chake kilinyolewa kikabaki cheupe juani. Alikuwa Leah, mke wa Danford. Tangu juzi alikuwa akitembea kutoka Mpemba kumletea chakula shemeji yake Zebedayo, aliyefungwa kwa tuhuma ya kumuua mumewe.

"Mama Leah, hujambo?"

"Sijambo, baba."

"Ulipopata habari za kifo, ulimuuliza nani maiti iko wapi?"

"Nimwulize nani? Ilisemwa kwenye redio. Watu walikuja na unga na kuni, wakaninyoa, wakamkabidhi Zebedayo nyumba." Alivuta kitenge chake kufunika kichwa. "Halafu akaja yule mwenzake wa mgodini kutoka Kitwe, akasema Danford alimuaga akiwa mzima, na huko mgodini hakuna habari ya kifo. Ndipo askari wakaja. Sasa mimi ni nani, baba? Mjane au mke?"

"Hilo ndilo ninalolitafuta."

Aliingia ndani. Zebedayo, mdogo wake Danford, alikuwa amekaa sakafuni. Nyayo zake zilikuwa pana na ngumu, vidole viwili vililiwa na funza tangu utoto. Lusubilo alitazama miguu hiyo kabla ya kumtazama usoni. Hakuna buti ambayo ingeingia pale.

"Nani anajua habari za ng'ombe wa pembe moja?"

"Mama. Mimi. Leah. Na marehemu."

"Tangazo lilimtaja ng'ombe huyo. Kwa hiyo aliyelileta ni wa nyumbani kwenu, au katumwa na wa nyumbani kwenu. Umemtuma nani?"

"Sikumtuma mtu."

"Kaka yako alitoka Kitwe mzima. Hapa hakufika. Wewe umepata ng'ombe wake na mke wake. Inspekta anasema ulimvizia njiani ukamuua, ukachukua mali yake, ukamtuma mtu alete msiba. Kesho lori linakupeleka Mbeya. Unajua huko kuna nini?"

"Kitanzi."

"Basi nisaidie. Leah ulikuwa unamtaka?"

Zebedayo aliinama zaidi. Nje, sauti ya kapu likisogezwa ilisikika. Mwanamke alikuwa anasikia kila neno.

"Ndiyo," alisema.

"Tangu lini?"

"Tangu kaka hajaenda migodini. Sikumwambia mtu."

"Na msiba uliposomwa?"

"Nililia kama wengine. Baadaye, watu walipotawanyika, nilifurahi." Alifuta pua kwa kiganja. "Andika hivyo. Lakini sikumuua."

Maneno hayo yangetosha kumnyonga mbele ya jaji yeyote. Lusubilo hakuyaandika. Mtu aliyetengeneza uongo mkubwa kama ule asingemkabidhi askari kitu kama hicho bila kupigwa hata kofi.

Alipotoka, Leah alikuwa amegeukia ukuta.

*

Malori ya kutoka Rodeshia yalisimama chini ya miti kungoja karatasi za forodha. Lusubilo alipita lori kwa lori akiuliza swali moja: nani alimbeba mtu mwenye buti zilizofungwa kwa gome? Madereva walitikisa vichwa. Katika lori la mwisho alimkuta taniboi, msaidizi wa dereva, mwembamba, kofia upande, akila mhindi wa kuchoma juu ya magunia. Jina lake Watson.

"Mnyakyusa," Watson alisema alipoisikia lafudhi yake, "ndizi zimekwisha Rungwe mpaka unakuja kutafuta viatu huku?"

"Zimekwisha. Tumekula na taniboi wawili. Mtu mwenye buti za gome ulimbeba?"

Watson alicheka, mahindi yakamtoka mdomoni. "Mukwai, bwana wangu, yule ndiyo! Tulimpakia njiani, ng'ambo, baada ya Mpika. Anakohoa kama pikipiki ya padri. Mpaka dereva akasema akae nyuma kabisa."

"Alikuwa na mzigo gani?"

"Mzigo? Blanketi. Nilimuuliza, we bwana, umetoka Kitwe miaka yote hiyo, sanduku liko wapi? Akasema mgodi umemwachisha kazi kwa sababu ya kifua, mali aliiuza kidogo kidogo anunue dawa. La mwisho aliuza sanduku lenyewe. Nilicheka mpaka nikakaribia kuanguka."

"Alikutajia jina?"

"Danford. Na akaniuliza, eti bado Tunduma wanasoma vitu?"

"Vitu gani?"

"Si unajua. Mtu akirudi kutoka migodini, Mwalimu anasoma: fulani mwana wa fulani amerudi, ameleta baiskeli, ameleta cherehani, ameleta mablanketi. Nchi nzima inasikia. Mimi nikamwambia, wataacha kusoma? Na wewe watakusoma: Danford amerudi na kikohozi kimoja, kizima, kisicho na kutu!"

Alicheka tena. Lusubilo hakucheka.

"Alishukia wapi?"

"Nakonde, upande wa ng'ambo. Jioni. Tarumbeta lilikuwa linasoma jina la mtu, Lwitiko nadhani, amekuja na masanduku na gramafoni. Tulikuwa tunasikia vizuri tu, upepo ulikuwa unavuma kutoka huku. Yule bwana akasimama barabarani anasikiliza. Nikamwambia, haya, nenda, wanakungoja. Hakuvuka jioni ile."

"Mdogo wake yuko mahabusu kwa kumuua," Lusubilo alisema. "Kesho anapelekwa Mbeya kunyongwa."

Mhindi ulikaa mkononi mwa Watson. Aliuangalia, akauweka chini juu ya gunia. Alivua kofia.

"Mukwai, nilikuwa natania tu."

"Najua. Utayasema haya yote mbele ya Inspekta?"

"Na ile ya kikohozi pia?"

"Na hiyo pia."

*

Jua lilikuwa limeanza kushuka aliporudi nyumba ya redio. Alimweleza Mwalimu Kefa kwa ufupi. Hakulia yule mtu siku ile. Alikuwa anakohoa. Marehemu mwenyewe alichuchumaa kizingitini akaleta msiba wake, na msomaji aliinamisha macho kwa adabu.

"Kama angekuwa muuaji," Lusubilo alisema, "angekuwa na haja gani ya kusema mali imeibwa? Muuaji anasema mtu kafa, anakwenda zake. Mwenye haja ya kueleza mali iliko ni yule aliyetegemewa kuja nayo."

"Ile ya kusoma vitu," Kefa alisema, "ni mimi niliyeianzisha. Kamati haikuniagiza. Niliona watu wanafurahi. Vijana waliposikia walipata bidii ya kwenda kazini. Kuna waliokuja kuniomba nitaje na taa, nitaje na sufuria."

"Kuna aliyekuja bila kitu?"

"Sijamwona."

"Hukuwaona. Habari za Zebedayo kukamatwa ulizisoma?"

"Hapana. Tulikubaliana tusisome. Ni aibu kwa mama yao, kijana wake kuitwa muuaji mbele ya watu wote."

"Kwa hiyo Danford hajui."

"Yuko wapi hata ajue?"

Lusubilo alikwenda mlangoni akaelekeza mkono ng'ambo ya mpaka. "Mtu aliyekumbuka maziwa ya mama yake katika tangazo la kifo chake hajaenda mbali. Upepo ukivuma vizuri tarumbeta hili linasikika Nakonde, Watson kaniambia. Yuko mahali anaposikia. Soma leo habari za Zebedayo, kama zilivyo, usiongeze neno."

"Na mama yao?"

"Mwalimu, mmetunza aibu ya mama mpaka mnataka kumnyonga mtoto wake."

Kefa aliinuka akaenda kuunga betri.

Watu walikuwa wamekwisha kukusanyika chini ya mlingoti kama kila siku. Walisikiliza habari za Dar es Salaam, wakasikiliza Kibemba cha Lusaka, wakacheka palipochekesha. Kisha Kefa akafungua kipaza sauti. Aliruka ng'ombe. Aliruka waliorudi.

"Zebedayo Simwaba wa Mpemba amefungwa hapa Tunduma kwa tuhuma ya kumuua kaka yake Danford. Kesho anapelekwa Mbeya. Akipatikana na hatia atanyongwa. Mwenye kujua lolote afike sasa."

Minong'ono ilipanda kama nyuki. Kapu mkononi, Leah alisogea mbele akasimama peke yake, watu wakampisha kama wanavyompisha mgonjwa wa ndui. Kefa alisoma tena. Akasoma mara ya tatu.

Lusubilo alikuwa ameuacha mlingoti na kusimama karibu na kizuizi cha forodha. Aliwatazama waliokuwa wanavuka: wanawake wenye makapu ya dagaa, mzee na mbuzi, wafyatua matofali waliotapakaa udongo. Mmoja wa wafyatua matofali alikuwa anakimbia. Alikimbia hatua chache, akasimama, akashika magoti akakohoa, akakimbia tena. Buti zake zilifungwa kwa gome.

Lusubilo hakumkamata. Alimfuata nyuma.

Danford alipita katikati ya watu. Walimtambua polepole. Mwanamke mmoja alipiga ukelele akajiziba mdomo. Alipofika mlangoni pa nyumba ya redio alichuchumaa kizingitini na kutazama chini.

"Mwachieni mdogo wangu," alisema. "Mimi ndiye niliyekufa."

Safari hii Mwalimu Kefa alimtazama usoni. Alikuwa na mashavu yaliyoingia ndani, na udongo mwekundu hadi kwenye nyusi.

"Danford, mbona ulitufanyia hivi?"

"Ulikuwa unasoma masanduku ya Lwitiko, Mwalimu. Mimi nilikuwa na blanketi. Nikasema bora mama alie mara moja, kuliko kila siku aulizwe mwanao kaleta nini." Alikohoa. "Nilifikiri nitafanya kazi ya matofali, nipate kidogo, halafu nitafufuka. Kifua hakikukubali."

"Ulijua Zebedayo atamrithi mkeo?" Lusubilo aliuliza.

"Nilijua. Ndiyo mila."

"Na hukusema neno."

"Maiti inasema nini, Bwana Koplo?"

Lusubilo alimchukua maelezo pale pale, swali kwa swali, Watson akiwa shahidi. Ilipokwisha alimwambia, "Kwa Inspekta, haya yanatosha. Watu waliokuja na unga na kuni kukuzika, hao hayawatoshi."

Danford alielewa. Alisogea kwenye kipaza sauti kwa magoti, hakuinuka. Tarumbeta lilitoa kikohozi chake kwanza juu ya Tunduma yote, kisha sauti.

"Mimi Danford Simwaba. Ni mzima. Nilijitangaza mwenyewe. Mdogo wangu hakuniua. Sikuleta kitu." Alijifuta mdomo kwa kiganja. "Mnisamehe unga wenu."

Hakuna aliyepiga makofi wala kigelegele. Wale waliozoea kusogea karibu kumpokea anayerudi waliangaliana, wakaanza kuondoka mmoja mmoja, wengine bila kuaga. Watson alikuwa amekaa juu ya jiwe, kofia mapajani. Kefa alizima redio kabla ya muda wake.

*

Kwenye kituo Lusubilo alifungua kufuli la mahabusu.

"Zebedayo, toka. Kaka yako huyu hapa."

Zebedayo aliinua kichwa, akamwona Danford mlangoni. Hakutoka. Danford aliingia. Alitaka kushika mkono wa mdogo wake, akauacha wake hewani, akaushusha. Akakaa sakafuni upande wa pili, mgongo ukutani.

"Umekonda," alisema Zebedayo.

"Ndiyo."

"Ng'ombe sikumchinja."

"Nilijua hutamchinja."

Leah aliingia nyuma yao. Alitoa ugali na maharage kutoka kwenye kapu, akaviweka katikati na bakuli la maji ya kunawa. Kilikuwa chakula cha mtu mmoja. Kitenge kilikuwa kimemteleza kichwani na hakukirudisha. Danford alimtazama kichwa kile, halafu akatazama buti zake.

"Leah," alisema, "watakwambia wazee. Mimi au yeye, wataamua."

"Mmoja wenu alijiua akaniacha nilie," Leah alisema. "Mwingine alifurahi, nimemsikia kwa masikio yangu. Wote wawili mlijua mnachotaka. Nani aliyeniuliza mimi?"

Nje watu walikuwa wameanza kukusanyika tena, safari hii mbele ya kituo, kutazama.

"Mimi nakwenda kumwambia mama kwamba mwanawe ni mzima," Leah alisema. "Kabla hajaambiwa na watu wanaocheka. Vyombo mtavirudisha wenyewe."

Alipita katikati ya watu kichwa wazi, akashika njia ya Mpemba.

Lusubilo alingoja mpaka alipopotelea kwenye kona. "Haya, na ninyi tokeni," aliwaambia ndugu wawili. "Hakuna mashtaka kwa Zebedayo. Danford, wewe utaitwa barazani kwa tangazo la uongo, lakini leo nenda nyumbani."

Mlango ulikuwa wazi, na kufuli lilikuwa mkononi mwake. Zebedayo aliwaangalia watu nje. Danford aliwaangalia vilevile. Kila mmoja alimngoja mwenzake atangulie, na hakuna aliyeinuka.